Hawakushuka, Nilijibu

Tabora, Jumanne

Na majivuno yale yalitoka wapi? Nilikuwa nawafundisha kidato cha pili habari za milima ya Upare, kwetu: jinsi wazee walivyopanda kukimbia vita, wakachimba ndiva, yale mabwawa ya kukusanya maji usiku ili asubuhi kila shamba lipate zamu yake. Binti mmoja wa Kinyamwezi akanyoosha mkono.

"Mwalimu, babu zetu walibeba pembe za ndovu kwa miguu mpaka pwani. Wa kwenu hawakushuka?"

"Hawakushuka," nikajibu, kifua mbele.

Jioni mama akapiga simu.

"Nimeshuka, mwanangu. Nipo kwa kaka yako, huku chini barabarani."

"Unaumwa, mama?"

"Siumwi. Ndiva imejaa tope. Nikiita watu kwenye msaragambo, nani aje kulizoa? Majirani wote wameshahama."

Nikamwambia amefanya vizuri. Na kweli amefanya vizuri. Ila mwaka wa pili huu naishi peke yangu kwenye tambarare hii, na kila usiku nimekuwa nikilala nikijua kule juu kuna taa moja, ya mama, inawaka.

Leo nimeshindwa kuzima ya kwangu.