Hewa Kwenye Dizeli

Jumapili, 10 Agosti 2025

Pickup imekata nguvu tena! Nilikuwa narudi kutoka Koboko, nimeshashusha unga na sabuni kwenye maduka, gari tupu kabisa — na bado kwenye mlima ikaanza kukohoa kama mzee wa sigara. Nakanyaga, haiendi. Taa ya injini ikawaka. Lori la mihogo likanipita. Lori la mihogo, mimi!

Na asubuhi ilikataa kuwaka mpaka betri ikakaribia kufa.

Ijumaa ni nikaha ya binti yangu Fatumah. Jumamosi tunampeleka kwa mume wake Koboko. Kitanda, magodoro, kabati, masufuria, vyote vinakwenda na pickup hii, na bibi harusi anakaa mbele kando yangu. Nimesema hivyo tangu Ramadhani. Mtaa mzima wa Awindiri unajua.

Kaka yangu Fadhul anasema nikodi gari la watu, hii niiuze vyuma. Hajui anachosema. Niliinunua baada ya talaka, kwa magunia ya unga na mgongo wangu mwenyewe. Ndiyo iliyomsomesha Fatumah uuguzi. Haondoki nyumbani kwangu kwenye gari la mtu baki.

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Gereji, kwa Acidri. Ndiye fundi wangu siku zote, mtu mpole, hapandishi sauti hata nyundo ikimponda kidole. Akasema tuanze na kitu rahisi, filta ya dizeli. Kuifungua — nyeusi! Na maji kidogo chini. Akaweka mpya. Akabonyeza ile pampu ndogo ya mkono iliyo juu ya filta, dizeli ijae. Akabonyeza wee.

"Mama, hii inakataa kukuwa ngumu."

Inatakiwa ikaze mkononi. Hii ilibaki laini kama andazi.

Lakini injini ikawaka. Nikaenda nayo barabara ya Kuluva na kurudi, naimba. Karibu na soko ikakohoa. Nikaacha kuimba.

Jumanne, 12 Agosti 2025

Acidri kaazima kompyuta ya kusoma injini. Kanieleza: juu ya injini kuna bomba nene la chuma, dizeli inakaa humo kwa presha kubwa kabla ya kupulizwa ndani. Hiyo presha ndiyo iko chini. Ukikanyaga, injini inaomba nyingi, inapewa kidogo.

"Nadhani pampu kubwa inayotoa hiyo presha imekufa."

"Unadhani ama unajua?"

"Nadhani, Mama."

Angalau mkweli. Pampu inatoka Kampala. Haiwahi Jumamosi, hata tukiiombea dua.

Nimerudi kwa boda, nimenuna. Fatumah alikuwa nyuma ya jiko na simu. Nimemsikia: Baba, njoo na vyombo vyako, Mama hatakasirika. Hatakasirika! Nani kamwambia?

Muzamili. Aliyekuwa mume wangu, fundi wa dizeli Koboko; madereva wa mpakani wote wanamjua. Alikwenda Juba kutafuta kazi, Fatumah bado mdogo wa shule, halafu kimya. Hakuna simu, hakuna salamu, mpaka nikaenda kwa kadhi nikapata talaka yangu. Baadaye akarudi. Tukikutana msibani tunasalimiana kama watu waliowahi kupanda basi moja. Ijumaa lazima aje, ndiye walii wa binti, wa kumwozesha. Hiyo nimeikubali. Lakini kuja kushika gari langu?

Nimemkaripia Fatumah. Kaendelea kumenya vitunguu. "Mama, ni gari tu."

Gari tu!

Jumatano, 13 Agosti 2025

Muzamili kaja. Ovaroli safi, imepigwa pasi. Nani anapiga pasi ovaroli?

"Asalaam aleikum, Mama Fatumah."

"Waaleikum salaam. Gari iko kwa Acidri."

Hayo tu. Tukaenda kwa boda mbili tofauti.

Nilidhani atamdharau Acidri. Wapi! Akamwomba amweleze yote, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Ndugu yangu, tusizike pampu kabla ya kuuliza kama imepewa chakula." Nikacheka bila kutaka. Nikajifanya nakohoa.

Akachomoa bomba linaloleta dizeli kutoka tangi. Akafunga jerikeni ya dizeli safi pembeni ya injini kwa kamba, akaiunganisha kwa mpira mweupe unaoonyesha ndani. Sasa gari inakunywa kwenye jerikeni, tangi limeachwa. Acidri akabonyeza ile pampu ya mkono — imekaza! Akaniita nishike mwenyewe. Ngumu kama jiwe.

"Washa, Bushira."

Muzamili hakusema Mama Fatumah. Kasema Bushira. Nikajifanya sikusikia, nikawasha.

Ikashika papo hapo! Acidri akatazama kompyuta: presha juu, na kila nikikanyaga inapanda zaidi. "Pampu iko muzima, Mama! Muzima kabisa!" Anapiga makofi kama mtoto, wala haoni haya kwamba jana alisema imekufa. Ugonjwa uko njiani, kati ya tangi na filta.

Leo nimekula nikashiba. Wiki hii ni mara ya kwanza.

Alhamisi, 14 Agosti 2025

Wameshusha tangi. Mvua nayo ikaja, wote wawili wamelala kwenye tope chini ya gari. Mimi nimeshika mwavuli — nikimfunika nani, sijui, wote walilowa.

Ndani ya tangi, chujio limezibwa na ute mweusi kama kamasi. Likaoshwa, tangi likaoshwa, vyote vikarudishwa. Nikasema alhamdulillahi, tumemaliza. Bado! Nguvu zimerudi, lakini kwenye ule mpira mweupe, walioubakiza kati ya bomba na filta, nikaona mapovu madogo, yanafuatana kama siafu.

"Hewa," akasema Muzamili.

Nikamuuliza, kama kuna tundu, mbona hakuna hata tone la dizeli chini? Hakucheka. Akasema hapa pampu inanyonya, haisukumi. Mtu akinywa soda kwa mrija uliotoboka, soda haimwagiki, ila mdomoni anapata upepo. Nimeelewa.

Wakalifuata kwa vidole bomba lote la chuma linalotoka tangi. Acidri ndiye aliyelipata: pale kibano kinapolishikilia kwenye chesi, mifupa ya gari, tope limekaa miaka, chuma kimeoza kimyakimya. Tundu la sindano tu! Wakakata kipande, wakaunga mpira wa dizeli na vibano vipya. Mapovu yakapungua, yakaisha.

Acidri akaenda kunawa. Muzamili akabaki amekaa juu ya tairi, anapangusa mikono ambayo ilishatakata.

"Juba nilifungwa."

Hivyo, bila kuulizwa. Vita vilipoanza askari walimkamata njiani na gari la tajiri wake. Huko ndani hakuna simu. Alipotoka akasikia nimekwenda kwa kadhi.

Nikamuuliza kwa nini hakuja kusema.

"Nilikuja mpaka geti yako. Nikaona pickup imeegeshwa. Nikasema, huyu mutu amesimama peke yake, mimi nitaongeza nini?"

Nikaokota spana moja, nikaipangusa tope. Mvua ilikuwa inapiga mabati.

Miaka yote hii. Getini!

Ijumaa, 15 Agosti 2025

Nikaha imepita. Binti yangu ni mke wa mtu.

Muzamili alipofika pale pa kumtaja binti jina, sauti ikamkatika. Wanaume wakasubiri. Akamaliza. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na wanawake, nimesikia yote. Fatumah kalia, mimi nimelia, hata Fadhul kalia — anasema ni pilipili.

Nimechoka. Nina furaha. Basi.

Jumamosi, 16 Agosti 2025

Imewaka kwa mguso mmoja! Baridi ya asubuhi, gari imelala usiku kucha, na haikusita hata kidogo. Fadhul alikuwa amesimama pale na kikombe cha chai. Nikamwangalia tu. Akaanza kupakia kitanda.

Muzamili alitaka kukaa nyuma na magodoro. Fatumah akakataa: bila Baba mbele, yeye hapandi. Basi mimi kwenye usukani, bibi harusi katikati, yeye dirishani.

Tumesimama Maracha, njiani. Gari la mashangazi linalotufuata limepata pancha. Naandika nimeegemea usukani. Tumebeba nyumba nzima nyuma na taa haijawaka, haikohoi, inavuta kama ng'ombe dume.

Kabla ya kushuka Muzamili kaniuliza, Jumatatu ukileta unga Koboko, si upite gereji yangu? Filta iangaliwe.

"Filta ni mpya kabisa."

"Uchafu wa tangi hauishi siku moja. Lazima iangaliwe tena na tena."

"Mpaka lini?"

"Itategemea na dereva."

Kashuka kutafuta mahindi. Nimejitazama kwenye kioo, nimerekebisha mtandio — mwanamke mzima na mvi zangu! Fatumah kaniegemea bega, eti amelala. Halali huyu. Nimeona kope zinacheza.

Anarudi sasa. Kashika mahindi ya kuchoma kwenye gazeti. Anazunguka mbele ya gari — anakuja upande wangu, si upande wake. Nashusha kioo, naweka kalamu.