Panga Ulilolichomeka Nje ya Geti

Kaka yangu Magesa,

Shikamoo. Sijui kama huko mahabusu yupo anayekusalimia hivyo, ndiyo maana nimeanza na salamu.

Unakumbuka Nansio, kwa babu? Tulikuwa tukienda shamba panga likiwa mkononi mwako, ncha ikiangalia chini, kila mtu akiliona. Siku moja nililiviringisha kwenye kanga ya mama, ukanicheka. "Wewe mtoto, anayeficha panga ndiye mwenye nia mbaya." Na tukifika kwa mtu, ulilichomeka kwanza ardhini nje ya uzio, ndipo ukapiga hodi. Wenyeji wakiliona limesimama pale walijua mgeni amekuja kwa heri. Yule bibi jirani alikuwa akikutania, "Karibu mume wangu, naona mke mwenzangu umemwacha nje."

Desturi hiyo ulikuja nayo Mwanza. Ndiyo iliyokufikisha hapo ulipo.

Asubuhi ile ulikuwa unanoa, mimi nakupakulia uji. Mama Doreen wa Kiseke akapiga simu, ukaweka spika. "Magesa, nyasi zimefika dirishani, nyoka wataniingilia. Njoo leo leo." Ukamjibu, "Nakuja mama, ngoja nimalize uji." Hukuumaliza.

Yaliyofuata nimesimuliwa na fundi anayejenga nyumba ya jirani wa Mama Doreen. Ulifika Kiseke, Mama Doreen ameshakwenda kazini. Ukalichomeka panga kando ya geti, ukapiga hodi. Akachungulia mpangaji mpya, asiyekujua. Aliona kijana mgeni na panga limesimama. "Jamani, mapanga! Wametuvamia!" Siku zile mtaa mzima ulikuwa ukizungumzia vijana wanaokaba watu kwa mapanga. Watu wakajaa, askari wakaja. Fundi anasema ulirudia maneno mawili tu: "Nimeitwa kufyeka. Nimeitwa kufyeka."

Nimemaliza shule na sina kazi, kwa hiyo nimeisoma sheria. Kwa nilivyoielewa, haisemi kwamba kubeba panga ni kosa. Inasema ni kosa kwenda hadharani na silaha bila sababu halali, kwa namna inayowatia watu hofu. Hofu ilikuwepo, siwezi kuikataa. Yule mpangaji alitetemeka kweli. Lakini sababu nayo ilikuwepo, na mwenye kuijua ni Mama Doreen.

Mama na mimi tulimfuata. Hakutufungulia geti lote.

"Mimi na mambo ya polisi hapana," alisema. "Nikisema nilimwita, mpangaji wangu kesho anahama. Na yeye naye, panga peupe hivyo la nini? Si angelitia kwenye mfuko?"

Mama akamwambia, "Angelitia kwenye mfuko, mngesema mwizi."

Geti likafungwa.

Kaka, wewe ndiye uliyekuwa ukimzibulia mfereji kila mvua ikinyesha, bila kuitwa. Ulimuulia nyoka jikoni, akakuita mwanangu mbele ya wageni wake. Leo mwanawe huyo umegeuka “mambo ya polisi”. Jana nilipita pale. Nyasi zimefyekwa, safi kabisa. Amepata kijana mwingine, na fundi anasema huyo alikuja na panga ndani ya gunia. Nilisimama barabarani nikiangalia ule uwanja mpaka macho yakaniuma.

Sheria sijaikasirikia. Imeacha nafasi ya mtu kuja kusema kwamba ulikuwa na kazi. Ninayemkasirikia ni mtu aliyeiona nafasi hiyo akafunga geti, kisha akalala vizuri na madirisha wazi kwa sababu nyoka hawana tena pa kujificha.

Unanijua nilivyo. Darasani nilikuwa nalijua jibu na bado nainamisha kichwa. Ulikuwa ukiniita bubu wako, na mimi nilipenda. Lakini kesi yako ikianza kusikilizwa nitasimama. Nitasema nilikuwa na sufuria ya uji mkononi na nilimsikia akikuita. Nitamwambia hakimu panga lilikuwa wapi mpangaji alipoliona: ardhini, nje, na mikono yako mitupu inagonga geti. Wakiniuliza ni nani aliyepiga simu, nitalitaja jina lake kwa sauti ambayo Kiseke nzima haijawahi kuisikia kutoka kwangu.

Sauti ikinitetemeka, usinicheke.

Mdogo wako,
yule bubu