Udongo wa Majani

2 Februari

Baba yangu,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima wa afya, kucha tu ndizo nyeusi.

Uliyoyasikia ni kweli: benki nimeacha. Nimekodi kiwanja nyuma ya ghala, nakuza miche, na udongo wa kuoteshea natengeneza mwenyewe. Nazoa majani makavu barabarani kwa toroli, nayarundika ndani ya uzio wa waya, nayamwagia maji na kuyafunika magunia. Yakioza yakawa meusi, yanavunjika vidoleni, nachekecha na kuchanganya na mchanga.

Usiniombee nirudi ofisini. Niombee mvua.

Binti yako

20 Februari

Binti yangu,

Marahaba. Mgongo ni ule ule. Nimechomelea vyuma tangu ujanani ili wewe ukalie kiti kinachozunguka, leo unazoa takataka? Uso nauweka wapi? Meneja wako nimeongea naye, nafasi bado ipo. Usiporudi, usiniandikie.

Baba yako

5 Juni

Baba,

Shikamoo. Umekataza barua, salamu hukukataza, na salamu zangu ni ndefu kidogo.

Mkupuo wa kwanza umeniangusha. Nilifanya pupa, majani hayakuwa yameiva, miche ya pilipili ikageuka njano, ikafa yote. Nililia, nikanawa uso, nikayarudisha majani kwenye rundo. Yanataka unyevu na muda tu, na vyote ninavyo. Benki sirudi.

Binti yako

11 Januari

Baba,

Shikamoo. Afya yako naiulizia kwa shangazi, maana kimya chako hakinijibu.

Sasa udongo umekubali. Miche imesimama kama askari, na watu wa bustani ya hospitali wananunua kwangu. Anayekuletea barua hii amebeba na ndoo ya udongo huo. Usiimwage kabla hujanusa.

Binti yako

30 Machi

Mwanangu,

Marahaba, tena marahaba. Sijambo.

Ndoo yako niliiacha nje mlangoni, kwa kiburi. Mvua ikanyesha, harufu ikaingia hadi chumbani, kama niko msituni. Nikatoka, nikatia mkono. Mikono hii imezoea chuma, mwanangu. Kitu laini namna ile sijapata kukishika. Nikapanda nyanya, na jirani sasa hapiti bila kuzisalimia.

Majani ya mtaa huu hakuna anayeyachoma tena mimi nikiwa hai. Nimeyajaza uani hadi shangazi yako hana pa kuanikia nguo. Mlango wa ua ulikuwa mwembamba. Jana nimeung'oa, nimechomelea mwingine mpana.

Toroli lako litapita. Njoo.

Baba yako