Chakula cha Msiba wa Bi Verna

Duluth, Jumatano

Mama yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti la Baba limepata nafuu sasa mavuno yamekwisha. Mimi sijambo. Ziwa limeanza kuganda kingoni.

Umeniuliza ninakula nini, na ukasema Krismasi utanitazama vizuri; ukinikuta nimekonda, sirudi chuoni. Basi: uji wa shayiri asubuhi, maharagwe mchana, kabichi jioni, yai Jumapili. Dola kumi na tano zinanifikisha mwisho wa wiki nikiwa makini, nawe wajua umakini wangu unavyowachosha watu.

Ila kuna kisa. Mwezi uliopita nilipita kwenye kanisa la Kilutheri karibu na chumba changu, watu wakiingia kula baada ya mazishi. Bi Borghild, mkuu wa akina mama wa jikoni, alinidhania mfiwa. Akaniambia niache kusimama kwenye baridi kama nguzo ya umeme, chakula kiko ukumbi wa chini. Nikashuka. Palikuwa na viazi vilivyookwa na nyama ya kusaga, jibini juu, na keki za aina sita. Nilikula, nikamsikiliza binti wa marehemu, nikalia kidogo, tena kwa dhati.

Tangu hapo nikawa naanza gazeti kwa matangazo ya vifo. Nilimzika daktari wa meno, kisha dereva wa treni. Wa nne alikuwa Bi Verna.

Mumewe, Mzee Halvor, akaketi karibu nami na kuuliza nilimjuaje mkewe. Nikasema alinifundisha kupika. Meza nzima ikanigeukia. Mzee akasema, taratibu kabisa, kwamba Verna aliweza kuunguza hata maji, na yeye ameishi kwa mkate na siagi miaka hamsini. Uso uliniwaka moto, Mama. Nikamwambia kweli: simjui mkewe, nina njaa, nimekuja kula.

Alicheka mpaka akajifuta macho kwa kitambaa cha meza. Akasema basi kula, binti, maana Verna hakumshibisha mtu akiwa hai, mwache aanze leo. Bi Borghild akadakia kutoka jikoni kwamba wao walinijua tangu kwa daktari wa meno. Mfiwa gani huyo anayeongeza viazi mara tatu? Kama nataka kula kila msiba, aproni iko nyuma ya mlango.

Sasa ninaosha vyombo, ninakata keki, na ninarudi chumbani na bakuli limejaa.

Mama, ninaloogopa kuliandika ni hili. Ile posho ya chakula niliyokwambia chuo kinanipa, haipo. Niliitunga Agosti, siku uliyotaka kumuuza ng'ombe wako kwa ajili yangu. Nimekudanganya katika kila barua tangu hapo.

Huenda ningeendelea. Lakini mazishi ya kwanza ya mwezi ujao, ya yeyote yule, zamu ya chakula kikuu ni yangu, na jikoni hapa kila mwanamke hupika cha mama yake. Kwa hiyo usitume pesa. Nitumie vipimo vya viazi vyako vya maziwa na vitunguu, vya watu sitini, na uandike wazi chumvi kiasi gani, kwa sababu wewe hukadiria kwa kiganja, na kiganja chako kiko mbali.

Msalimie Baba. Ukimweleza, anza na sehemu ya Mzee Halvor.

Mwanao akupendaye,
Solveig