Mume Wangu Anakoroma, Mama Mkwe Anasema Nimwache Apumzike

Mshauri wetu, shikamoo, nakusikiliza redioni kila siku nikishona, leo nakuomba unishike mkono maana hapa nyumbani hapakaliki. Mume wangu ni fundi wa kupaua, wenzake wanamwita Paka kwa anavyotembea juu ya mapaa, basi juzijuzi Paka kateleza kaangukia mgongo, hospitali wakampa vidonge vikali vya maumivu, vya jamii ya morfini, vikamsaidia, lakini misuli ya kiuno ikawa bado inakaza, ndipo wifi yangu, ambaye naye aliwahi kuumwa mgongo, akaja na vidonge vyake vya kulegeza misuli vilivyobaki, akasema, "Kaka, meza hivi pamoja na hivyo, utanishukuru," na kweli akalala fofofo. Sasa analala mchana kweupe, kwenye kiti, kijiko mkononi, anakoroma hadi nasimamisha cherehani kumsikiliza, halafu mkoromo unakatika, kimya, ndipo anashtuka na kuvuta pumzi kwa nguvu, nikimwamsha anaongea kama mlevi, na nikisema hili si la kawaida mama mkwe ananijia juu, "Mwache mwanangu apumzike, au unataka arudi juu ya paa?" Nimeazimia kuvificha vidonge vya wifi, ila wifi ni mwepesi wa kununa na ndiye aliyetuuguza sote, je, nimwambieje asinione mbaya?

Mke wa Paka

Mke wa Paka, pole sana. Lakini we mama, mumeo anakatika pumzi, wewe unaniuliza habari za wifi! Tuanze na pumzi.

Huo si usingizi mnono hata kidogo. Dawa ya jamii ya morfini hupunguza kasi ya kupumua, na ya kulegeza misuli nayo huleta usingizi mzito. Zikikutana mwilini, pumzi inaweza kusimama kabisa. Daktari huweza kuziandika pamoja, ila kwa kipimo kidogo, akimjua mgonjwa na kumfuatilia. Wifi yako ana moyo mzuri, sikatai, lakini vidonge vile aliandikiwa yeye.

Kuvificha? Thubutu! Ukivificha, daktari atajuaje alichomeza? Tia pakiti zote kwenye mfuko mmoja, za hospitali na za wifi, umpeleke leo, si kesho. Asimeze hata kimoja mpaka aonwe, daktari ndiye ataamua kipi kiendelee na kwa kiasi gani. Pombe asiguse, dawa nyingine ya usingizi asiguse. Ukimtikisa asiamke, au pumzi ikawa ya kusuasua, au midomo ikibadilika rangi, hiyo ni dharura: ita gari la wagonjwa, mlaze ubavu, usibanduke hapo.

Na wewe mama mkwe, najua unasikiliza. Mwanao hapumziki, anazama. Msaidie mkweo huyu kumvalisha viatu.

Wifi mwambie wazi: "Dawa yako imemzidi kaka yako, twende wote hospitali." Akinuna, mwache anune. Anayenuna anapumua.

Haya, zima redio, kamwamshe Paka.