Dakika ya Nne Hadi ya Kumi na Moja

Jumatatu, 3 Machi

Kazini redioni, maktaba ya santuri. Nimesikiliza tatu, nimejaza kadi tatu za maelezo. Ya mwisho okestra ya watu themanini, kila mmoja na ugomvi wake! Mwendo: wa kasi. Ufunguo wa muziki: D maina. Hali: ghadhabu. Na mstari wangu ule ambao bosi anasema ni kupoteza wino: dakika ya 4 hadi ya 11, vishindo, ngoma na matarumbeta, kisha kimya. Bila mstari huo, watangazaji wetu wavivu wangepiga ngoma katikati ya taarifa ya msiba.

Shemeji kapita kuiazima. Mume wa mdogo wangu — mwalimu, shati limenyooka, salamu ndefu. Eti kadi zangu ni tamu kuliko muziki wenyewe. Nimecheka kama bwege. Sifa nazipenda, nifanyeje.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda kwao saa kumi jioni. Muziki unasikika tangu ngazi ya kwanza. Nimebisha mpaka vidole vikauma. Wapi! Nikashuka kwa fundi cherehani anayekaa chini yao, nikangoja. Akamsifu shemeji: msomi, halewi, Jumamosi ni yeye na santuri zake.

Kimya kilipofika nikapanda tena, mlango ukafunguliwa. Mdogo wangu kavaa mikono mirefu, joto lote hili. Kikombe kakishika kwa mkono wa kushoto. Eti kateleza bafuni. Bafu hilo lina kinyongo naye — hii ni mara ya tatu.

Jumatatu, 10 Machi

Shemeji karudisha santuri. Kwenye kadi, chini ya 4 na chini ya 11, mistari ya penseli. Nimetoa kadi za zote alizoazima tangu mwaka jana. Zote! Kila palipo na vishindo, penseli.

Nimekaa sakafuni katikati ya rafu. Nimeikumbuka ile mikono mirefu, na lile bafu.

Jumanne, 11 Machi

Nimemngoja mdogo wangu nje ya duka la dawa anakofanya kazi. Sikumuuliza kitu. Nimemsomea kadi: mwendo, ufunguo, hali. Nilipofika "dakika ya nne" akamalizia mwenyewe, macho chini.

"Hadi ya kumi na moja. Hiyo fupi, dada. Kuna moja ya dakika ishirini."

Ipo. Kadi yake niliijaza mimi, kwa mkono wangu, na nikajisifia mwandiko.

Nikamwambia twende kwangu leo leo. Kakataa. Mume kaapa kwamba akiondoka ataniua mimi kwanza. Tena nani atamwamini? Majirani wanamwambia ana bahati.

Majirani. Haya.

Alhamisi, 13 Machi

Nimefanya ambalo sijalifanya miaka kumi na tisa: nimeandika uongo kwenye kadi. Santuri inaanza kwa fujo, dakika nne za kutisha. Baada ya hapo fidla moja, polepole mno, na vituo ambapo unamsikia mpaka mpigaji akivuta pumzi. Mimi nimeandika: dakika ya 5 hadi ya 14, okestra nzima, vishindo.

Shemeji kaisoma palepale, katabasamu. "Kadi zako hazijawahi kuniangusha, shemeji."

Mdogo wangu sijamwambia. Angenizuia. Maana yake nampeleka akapigwe ili watu wasikie. Mungu anisamehe. Akikataa kunisamehe pia nitamwelewa.

Jumamosi, 15 Machi

Kituo cha polisi, kwenye benchi. Daftari hawajaninyang'anya.

Tulikuwa watu saba chumbani kwa fundi. Niliwavuta majirani kwa ujanja, eti nauza vitambaa kwa bei ya kutupa. Juu yetu, dakika nne za fujo. Ya tano, fidla ikabaki peke yake.

Kofi. Tulilisikia kama limepigwa mle mle tulimo. Kisha kiti. Kisha sauti ya mdogo wangu, "basi, basi, basi," taratibu, kama anayembembeleza mtoto. Nilidhani shemeji ataacha akisikia nyumba ilivyotulia. Hakuacha! Ameshapandwa na hasira, hasikii fidla wala nini.

Nikawageukia wale watu. Wote wanakagua vitambaa. Mmoja ananiuliza kama hiki kinachuja rangi.

Fundi ndiye aliyesema, bila kuinua uso: "Tunajua, dada. Kila wiki tunajua. Ule muziki ulikuwa unatusitiri sisi."

Sisi!

Nikachukua pasi yake ya chuma, nikapanda. Kitasa kilivunjika pigo la tatu. Alikuwa kamshika nywele, anambamiza ukutani. Fidla inakwenda polepole, mkono wake unakwenda kwa kasi ya kadi yangu. Nikampiga. Bega, kisha taya. Alipokuwa chini nikampiga tena. Hilo silifichi. Pigo la mwisho halikuwa la lazima, nililitaka. Damu yake imekauka kwenye kidole changu cha shahada na inaacha alama kwenye karatasi hii.

Kapelekwa hospitali, hajitambui. Majirani sita wamekuja kutoa maelezo. Wote wamesema nilivunja mlango wa watu! Leo masikio yao hayana kasoro. Juu ya yaliyotangulia, hakuna aliyesikia kitu. Nimewatukana mmoja mmoja, kwa zamu, mpaka askari akaniambia nitaongezewa kosa.

Mdogo wangu kaingia sasa hivi. Jicho moja limefumba, mdomo umevimba, shuka la fundi mabegani. Kapita mbele yangu bila kunigusa. Askari kamwambia akae, kafungua kitabu, kamwuliza nani kampiga nani.

Yeye akauliza kwanza kama mume wake ameamka. Askari akasema bado.

Akageuka, akanitazama kwa lile jicho lililobaki wazi. Sasa anavuta kiti karibu na meza, anaanza kusema.