Swichi ya Upande wa Dirisha

Jumamosi, Agosti 2009. Kitengela.

Upepo wa leo umebeba vumbi lote la Kajiado, na baridi juu yake. Niko saiba, kwa kompyuta ya kukodi, najiandikia haya, kofia nimeivuta hadi machoni ndio huyu kijana wa kompyuta ya pili asione nikilia.

Moyo wangu umevunjika. Sijui kuna namna gani nyingine ya kusema.

Najifunza umeme kwa Fundi Wekesa tangu mwaka jana. Watu hufikiria ni kazi ya waya. Ni kazi ya ukuta! Nyundo na patasi, unachonga njia ya paipu mpaka mate yana ladha ya simiti. Wageni wakija site wananiuliza kama mimi ndiye wa kuleta chai. Nishazoea.

Kitu cha kwanza Fundi alinikubalia kufunga peke yangu ni two-way. Taa moja, swichi mbili: unawasha huku, mwenzako anazima kule. Ukikosea waya mmoja, taa inatii upande mmoja tu. Nilifanya mazoezi kwa ubao mpaka nikaiota.

Na nyumba yenyewe ilikuwa ya Musyoka.

Musyoka ni mtu wangu. Alikuwa. Anafanya kazi Athi River, na tulianza kupendana nikikaa kwa dada yangu kule Gataka. Alimpa Fundi kazi ya nyumba yake kwa sababu yangu. Siku ya kupima chumba cha kulala, Fundi akiwa nje, aliniambia, "Weka swichi pande zote mbili za kitanda. Kila mtu azime akitaka."

Kila mtu. Mimi nikasikia jina langu hapo. Wueh, mimi Akinyi!

Nilichonga ule ukuta kama mtu anayejijengea kwake. Upande wa dirisha niliupendelea, maana mimi hulala upande wa dirisha. Hakuna swichi imekaa sawa kama ile nyumba nzima, hata Fundi alisema.

Leo tulikuwa tunamaliza. Musyoka akaingia na mama yake, na msichana. Mama ndiye aliongea: huyu ni Mwikali, wazazi wameshakubaliana, harusi ni Desemba. Unafikiri Musyoka aliniangalia? Aliangalia balbu.

Mwikali angekuwa na madharau ningemchukia nikapumzika. Lakini ni mtu mzuri. Alinishika mkono na vumbi lake lote, akasema hajawahi kuona msichana akifanya stima. Akanifuata mpaka chumbani, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dadangu, ungekuwa mimi, ungelala upande gani?"

"Wa dirisha," nikamwambia. "Kuko na hewa."

Fundi akapiga kelele kutoka kwa mita kwamba amerudisha stima, tujaribu. Mwikali akasimama dirishani, mimi nikabaki upande ule mwingine. Nikawasha. Akazima. Nikawasha. Akazima, anacheka. Ilifanya kazi bila kosa.

Nafikiri Fundi alijua. Alichukua bisibisi mkononi mwangu polepole. "Enda nyumbani, mwanangu. Hiyo two-way ni safi. Jumatatu tuko na kazi Kajiado."

Langoni mlinzi, mzee wa Kimaasai, akanisalimu, "Takwenya!" Kila siku mimi humjibu "Iko!" tukacheka. Leo nimempita kimya, maskini.

Nimekaa hapa nikifikiria kurudi nilegeze waya mmoja. Mmoja tu. Lakini ni kazi yangu ya kwanza, na iko sawa, na siwezi kuiharibu. Hilo ndilo linaniuma zaidi.

Jumatatu nitaenda Kajiado. Nitachonga ukuta wa mtu nisiyemjua, afadhali.

Lakini niambie, Akinyi. Kila alipozima, mbona wewe uliendelea kuwasha?